Namna ya kuandaa dosie ya nishani ya taifa kwa mtumishi wa Leta (serikali), Lubumbashi

Nishani ya taifa haiombwi na anayeistahili, huombewa. Mwalimu wa Katuba aliyefundisha miaka 30 hawezi kujiandikia barua akasema "nivisheni medali". Anayeandika ni mkuu wake wa kazi, na anayemsukuma mkuu huyo aandike ni wewe: mwenzake wa ofisi, mwanafunzi wake wa zamani, mtoto wake, kamati ya wazazi, wazee wa kartie. Kazi yako ni kugeuza miaka ya mtu kuwa karatasi ambazo afisa wa Kinshasa, ambaye hajakanyaga Katuba wala Ruashi, atazisoma kwa dakika chache na kuziamini.

Nishani ipi

Katiba ya Kongo (RDC) ya 18 Februari 2006, ibara ya 84, inasema Rais wa Jamhuri ndiye anayetoa vyeo katika nishani za taifa pamoja na medali, kwa kufuata sheria. Dosie hushughulikiwa na Chancellerie des ordres nationaux, yaani ofisi ya nishani za taifa, Kinshasa. Gavana, waziri au mkuu wa shirika la Leta anaweza kupendekeza jina, lakini uamuzi haupo mikononi mwake. Liweke hilo kichwani, kwa sababu litakusaidia siku atakapotokea mtu wa kukuahidi njia ya mkato.

Kuna ngazi mbili za kufikiria. Juu ni nishani ya «Héros nationaux Kabila-Lumumba», yenye vyeo kuanzia chevalier, kisha officier, commandeur, grand officier, hadi grand cordon. Chini yake kuna medali, na inayomfaa zaidi mtumishi wa kawaida ni «médaille du mérite civique», ya dhahabu, fedha au shaba. Msanii, mtafiti au mwandishi ana medali yake ya sanaa, sayansi na fasihi.

Usiombe grand officier kwa mkunga ambaye hajawahi kuvishwa chochote. Ombi linalozidi kimo cha ushahidi humfanya msomaji aanze kushuku hata yale ya kweli. Andika jina la medali unayoona inafaa, toa sababu, halafu waachie wao ngazi. Ikiwa mtu wako alishawahi kupewa kitu zamani, hata ile Nishani ya Chui iliyoanzishwa wakati wa Mobutu mwaka 1966, tafuta cheti chake kwenye sanduku la nyumbani na ukiambatanishe. Kinaonyesha kwamba Leta ilishamtazama mara moja.

Aliyefariki naye anaweza kupewa. Papa Wemba alipofariki Aprili 2016, alipewa nishani ya Kabila-Lumumba baada ya kifo. Ila hiyo isiwe sababu ya kungoja. Mtu aliye hai atakuambia kitabu kiko wapi, nani alikuwa direkta mwaka 1991, ile picha ilipigwa siku gani. Akiondoka, nusu ya dosie inaondoka naye.

Kazi gani inabeba uzito

Miaka mingi peke yake haitoshi. Kufika kazini kila siku ndiko mshahara unakolipia, hata ukichelewa. Dosie inayosimama huwa na miaka mingi na rekodi safi, na juu yake kitu kimoja ambacho kanuni haikumlazimisha mtu kukifanya: darasa alilofundisha jioni bila malipo, rejesta za kituo alizoziokoa paa lilipoanguka, kisima alichokitunza kwa mikono yake kwa sababu hakukuwa na fundi. Bora zaidi ikiwa kitu hicho bado kipo na mtu anaweza kwenda kukiona.

Usafi wa mikono unahesabiwa kuliko watu wengi wanavyodhani, na ndio mgumu zaidi kuuthibitisha. Kanuni ya maadili ya mtumishi wa Leta, iliyotolewa kwa dekreti-sheria ya 3 Oktoba 2002, inamkataza kupokea zawadi za kumpinda. Lakini rushwa iliyokataliwa haiachi risiti. Mfano mkubwa tulio nao unatoka Goma: Floribert Bwana Chui, kijana wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, aliyekataa kupitisha mchele ulioharibika akauawa Julai 2007. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri 15 Juni 2025. Ile ni heshima ya Kanisa, na njia yake ni nyingine, lakini hata kule kilichohitajika ni watu wa kusema waliona nini na karatasi za kuonyesha nini kilitokea. Kwa mtu wako, tafuta ripoti alizoandika kukataa mzigo, barua alizowapelekea wakubwa wake, mwananchi aliyehudumiwa bila kuombwa kitu na aliye tayari kutia saini.

Siasa iweke mbali kabisa. Ibara ya 193 ya Katiba inataka utumishi wa Leta usiwe na chama. Picha ya mtu wako akiwa na kofia au kitambaa cha chama, hata kama siku hiyo aligawiwa tu kwenye mkutano, isiingie kwenye dosie. Wala usiandike kwamba "anaunga mkono maono ya" mkubwa yeyote. Wengi wanaandika hivyo kwa heshima, lakini kwa msomaji makini sentensi hiyo inaonekana kama ombi la upendeleo.

Miaka ya kazi: hapa ndipo dosie nyingi huanguka

Mtu anasema amefanya kazi miaka 32. Karatasi ya malipo inasema 19. Wote wawili wanasema kweli. Alianza kama «nouvelle unité», akafundisha au akatibu kwa miaka akilipwa na wazazi au kwa prime ndogo, na jina lake likaingia kwenye orodha ya mshahara baadaye sana. Ukiandika 32 bila maelezo na karatasi ya kwanza ikasema 19, umeshapoteza imani ya msomaji kwenye ukurasa wa kwanza.

Dawa ni kuandika tarehe zote mbili waziwazi: siku aliyoanza kazi, na siku aliyoanza kulipwa na Leta. Kwa ile ya kwanza, tafuta «commission d'affectation», yaani karatasi ya kumpangia kituo, na «procès-verbal de prise de service», inayoonyesha aliripoti siku gani. Kwa ile ya pili, arete (agizo rasmi) ya kumwingiza kwenye utumishi, matrikile yake (namba ya utumishi), na nakala ya orodha ya malipo. Kwa walimu ni ya SECOPE, ofisi ya malipo ya walimu, ambayo leo ni DINACOPE. Kati ya tarehe hizo mbili kuna pengo, na pengo hilo hujazwa na vitu vidogo: palmare (orodha za matokeo) za darasa zenye saini yake, rejesta ya zamu, daftari la chanjo lenye mwandiko wake, picha ya mwisho wa mwaka wa shule yenye tarehe nyuma. Kisha mkuu wa sasa wa kituo aandike «attestation de services rendus» akitaja rejesta alizoziona mwenyewe. Cheti kinachosema tu "tunathibitisha amefanya kazi vizuri" hakijazi pengo.

Ongeza cotation zake (alama za utendaji kazi) za kila mwaka kama zipo, hasa miaka aliyopata «élite» au «très bon». Barua za pongezi za wakubwa pia. Ikiwa mtu wako bado yuko kazini na ana miaka mitano au sita mbele, hili ni jambo la kuanza kulisimamia leo: kila anapofanya jambo kubwa, mkuu wake aombwe aandike barua fupi ya pongezi, yenye tarehe, namba na muhuri. Barua kama hizo nne zilizoandikwa kwa nyakati zake zina nguvu kuliko sifa za kurasa kumi zilizoandikwa wiki moja kabla ya kutuma.

Majina ya mtu na majina ya mahali

Kuanzia 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, hadi yaliporudi miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu aliyeajiriwa wakati wa Zaire ana arete yenye jina na postnom (jina la pili la kienyeji) tu, diploma yenye mpangilio mwingine, na karta ya uchaguzi yenye prénom (jina la ubatizo) mbele. Ongeza makarani walioandika kwa kusikia, Kalenga akawa Kalenge, na utapata mtu mmoja mwenye karatasi za watu watatu.

Weka karatasi zote mezani na uandike kwenye daftari kila umbo la jina ulilokutana nalo, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Tarehe nazo huteleza. Chagua umbo moja, lile la karta ya uchaguzi au la arete ya karibuni, na ulitumie kwenye kila barua mpya. Kisha omba komini itoe karatasi ya kuthibitisha kwamba maumbo yote ni ya mtu mmoja. Iweke mwanzoni kabisa, kabla msomaji hajaanza kujiuliza. Kosa la herufi moja ukiliacha hapa, litaingia kwenye ordonansi (amri ya Rais), kutoka ordonansi litaingia kwenye cheti, na kulitoa huko ni kazi ya mwaka mzima.

Mahali nako kuna mtego. Mzee aliyezaliwa kabla ya 1966 anaweza kuwa na "Elisabethville" kwenye karatasi ya kuzaliwa. Kazi yake ilianza "Shaba", ikaendelea "Katanga", na tangu mgawanyo wa 2015 anatumikia "Haut-Katanga". Kituo hakikuhama hata mita moja. Weka sentensi moja ya maelezo kwenye barua kuu, mara moja tu, na baada ya hapo tumia jina la leo. Kama shule au kituo kilibadili jina, fanya vilevile.

Barua kuu

Hii ndiyo roho ya dosie. Iwe ukurasa mmoja na nusu, isizidi miwili. Itaandikwa kwa Kifaransa kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi, lakini usianze kwa Kifaransa. Kaa na mtu mwenyewe na wenzake, waulize kwa Kiswahili, andika wanavyosema, na tafsiri baadaye. Ukianza kwa Kifaransa cha ofisi utaishia na maneno kama "dévouement" na "abnégation", na mtu atapotea ndani yake.

Tazama sentensi hii, iliyo kwenye barua nyingi: "Mama huyu ni mchapakazi, mwenye nidhamu na upendo, aliyejitoa kwa moyo wote kwa ajili ya taifa." Inaweza kusemwa juu ya mtu yeyote, hata asiyefanya lolote.

Sasa linganisha na hii, ambayo tumeitunga kama mfano: "Alianza ukunga kituoni tarehe 3 Machi 1994 (karatasi ya 4). Rejesta za uzazi zinaonyesha mwandiko wake kwenye zamu za usiku hadi 2019 (karatasi ya 9 hadi 12). Mwaka 2008, baada ya mama mmoja kukosa usafiri usiku, aliandika ukutani namba za simu za wenye teksi watatu wa kartie waliokubali kuamshwa saa yoyote. Orodha hiyo ingali ukutani. Majina mawili yamefutwa na mengine kuandikwa juu yake (picha, karatasi ya 14)."

Hakuna sifa hata moja hapo. Kuna tarehe, kitu na namba ya karatasi ya kuangalia. Msomaji mwenyewe atasema "huyu mama ni wa maana", na akishasema mwenyewe hutahitaji kumshawishi. Kila sentensi ya barua kuu iwe na namba ya karatasi mwishoni. Sentensi isiyo na karatasi itoe, au utafute karatasi yake. Mambo mawili au matatu yanatosha. Ukiweka kumi na mbili, yale makubwa yanazama kati ya madogo.

Mashahidi

Watatu wanatosha: mkubwa wake wa kazi, mtu aliyehudumiwa naye, na mtu wa nje asiye na deni kwake. Huyo wa tatu ndiye mwenye thamani. Paroko, pasta au imamu anafaa, mradi siye wa kanisa au msikiti anakosali mtu wako. Mashahidi wote wakiwa wa ukoo mmoja, au wametoka kijiji kimoja, msomaji atatambua kwa majina tu.

Waache waandike wenyewe. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni barua tatu zilizopigwa kwenye kompyuta moja, kwa herufi za aina moja, zenye kosa lilelile la tahajia. Ushuhuda wa mzazi ulioandikwa kwa kalamu kwa Kiswahili, hata wenye alama ya kidole gumba mwishoni, unaaminika zaidi. Usiutupe huo wa mkono ukabaki na tafsiri. Ambatanisha vyote viwili.

Kufunga dosie

Hati zinazochakaa zichukue mwisho. Nazo ni «extrait de casier judiciaire» kutoka ofisi ya mwendesha mashtaka, na cheti cha mwenendo mwema, «attestation de bonne conduite, vie et mœurs», kutoka komini anakoishi, iwe Kampemba, Kenya, Kamalondo au kwingine. Ukizichukua mwanzoni, dosie itakapokuwa tayari zitakuwa zimepitwa na wakati na utalipia tena.

Mpangilio: barua ya mkuu wa kazi inayopendekeza, barua kuu, karatasi ya majina, CV ya ukurasa mmoja, hati za kazi kwa mfuatano wa miaka, cotation na pongezi, ushuhuda, picha tatu au nne zenye maelezo, hati za mwisho, na picha za pasipoti nne zenye jina nyuma. Andika namba kwa mkono kwenye kona ya kila karatasi, kisha tengeneza orodha yake mbele. Karatasi 30 hadi 40 ni kipimo kizuri. Tengeneza seti nne kamili: moja ya kutuma, moja ya mkuu wa kazi, moja ya mwenye dosie, moja yako. Hati za asili zisitoke nyumbani kamwe. Peleka fotokopi zilizothibitishwa. Piga picha za kila karatasi kwa simu pia. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua ya Lubumbashi haina huruma, kwa hiyo weka kila seti ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya bahasha.

Njia ya kupita

Fuata ngazi. Kwa mwalimu: direkta wa shule, sous-division, division ya elimu ya jimbo, kisha wizara. Kwa wa afya: daktari mkuu wa zone ya afya, division ya afya ya jimbo, kisha wizara. Kwa mtu asiye mtumishi, kama mwanamke anayetunza mayatima wa kartie, pita komini, ofisi ya meya, halafu ofisi ya gavana. Kuruka ngazi kunaonekana kama njia fupi, lakini dosie iliyofika juu bila maoni ya ngazi ya chini kwa kawaida hurudishwa chini kuombewa maoni hayohayo, na wakati huo umeshamuudhi aliyerukwa.

Kila ofisi unayoingia, toka na nakala yenye muhuri na tarehe ya mapokezi, ile «accusé de réception». Bila hiyo, dosie ikipotea hukuiwasilisha. Baada ya wiki tatu rudi uulize namba ya barua ya kuipeleka mbele, «lettre de transmission». Namba hiyo ndiyo utakayotumia kuuliza kwenye ngazi inayofuata. Jina la mtu wako peke yake halitoshi kuitafuta. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni safari ya ndege, huwezi kupita kila wiki, basi tafuta ndugu au mwenzako wa huko anayeweza kufika dirishani na namba mkononi.

Dosie nyingi hufa kimya mkuu anapohamishwa. Ukisikia kuna mise en place mpya, yaani upangaji upya wa wakuu, nenda ndani ya mwezi wa kwanza ukajitambulishe kwa mkuu mpya, na nakala yako mkononi.

Kuhusu wakati, lenga siku inayohusu kazi yenyewe: 30 Aprili, siku ya elimu, 1 Mei, 12 Mei, siku ya wauguzi, 23 Juni, siku ya utumishi wa umma Afrika, au 30 Juni, siku ya uhuru. Peleka ngazi ya kwanza angalau miezi sita kabla. Januari 17 ina uzito wake hapa kwetu, kwa sababu Lumumba, ambaye nishani inabeba jina lake, aliuawa siku hiyo mwaka 1961 huko Shilatembo, nje ya mji huu.

Pesa

Gharama zako za halali ni fotokopi, picha, hati za komini na za mahakama, na usafiri. Akitokea mtu wa kukupigia simu kwamba jina "limeshapita" na zimebaki dola mia mbili ili ordonansi itiwe saini, usitume hata franga. Muulize namba ya barua ya kuipeleka mbele, hatakuwa nayo. Vilevile vipo vyama vinavyouza vyeti vya "balozi wa amani" vyenye mihuri ya dhahabu na medali ya utepe. Kipimo ni kimoja: je, kuna kitendo cha Rais wa Jamhuri kinachotaja jina hilo? Kama hakuna, ni karatasi nzuri ya ukutani, na ukiiweka kwenye dosie inapunguza uzito wa zile za kweli.

Jibu likija, na lisipokuja

Likija, omba kuona jina lilivyoandikwa kabla ya siku ya sherehe, herufi kwa herufi, na liwekwe sawa kabla ya cheti kuchapwa. Siku yenyewe mtu avae nguo yenye kifua imara upande wa kushoto, kwa sababu ndiko medali na nishani ya chevalier zinakobandikwa. Kitenge chepesi kinaning'inia, na pini inapasua. Cheti kipigwe fotokopi siku hiyohiyo, kabla hakijafungwa kwenye fremu.

Lisipokuja kwa mwaka mzima, usianze upya. Toa seti yako, badilisha hati za mahakama na komini zilizochakaa, ongeza yaliyotokea tangu hapo, na uiwasilishe tena kwa barua inayotaja namba ya kwanza. Wakati unangoja, mwombe mkuu wa kituo aisome ile barua kuu mbele ya wafanyakazi wote, mwenyewe akiwepo.